Magoti ya Mama Noëlla

Watu wa Kasha, mtaa wa mlimani huko Bagira, Bukavu, walianza kusema kwamba Mama Noëlla amekuwa mtakatifu, na sababu yenyewe ilikuwa kwamba hawezi kusimama.

Hilo la kutoweza hawakulijua. Walichoona wao ni kwamba kila Jumapili, padri akishainua kikombe na parokia nzima ikainuka na kukung'uta magoti, mama huyu wa miaka arobaini na sita alibaki chini, kichwa ameinamisha, mikono imeshika benchi la mbele. Wenzake waliimba Baba Yetu wamesimama, yeye aliimba amepiga magoti. Mama Madeleine, mkubwa wa kikundi cha akina mama, aliyekaa benchi la nyuma yake miaka na miaka, aliwaonyesha wajukuu wake kwa kidole: mtazameni mtu anayesali. Kwaresima ilipofika katikati padri mwenyewe alisema katika mahubiri kwamba wamo humu ndani wanaotufundisha kupiga magoti, na vichwa vyote vikageukia upande mmoja.

Alphonse, mumewe, alikuwa mlangoni na ukanda wake wa protokoli begani, kwani ndiye anayewaonyesha watu mahali pa kukaa. Siku hiyo alisimama wima kuliko mlango wenyewe. Fundi seremala hana nafasi nyingi za kutajwa kanisani, na ingawa padri hakutaja jina, kila mtu alijua anayesemwa ni mke wa nani.

Noëlla alinyamaza. Kosa liko hapo, na sitamtetea. Angeweza kumwambia hata mtu mmoja kwamba mapaja yake yanakataa kumnyanyua. Lakini kati ya kuitwa mgonjwa na kuitwa mtakatifu, ni nani angechagua la kwanza? Alingoja watu wapange mstari wa komunyo, vurugu ya miguu ikamficha, ndipo akasukuma benchi kwa mkono mmoja na paja lake kwa mkono wa pili, akajipandisha kidogo kidogo mpaka juu. Ornella, binti yake wa miaka ishirini, alimshika mkono wakienda kupokea. Alidhani mama yake anapenda tu kutembea naye.


Kiburi hicho hakikutoka hewani. Noëlla aliishi na virusi vya ukimwi mwaka wa kumi na moja sasa, na Kasha nzima ilijua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Chini ya soko kulikuwa na chumba chenye mlango wa buluu walichokiita podi, mahali ambapo watu wenye virusi huchukua dawa zao za miezi mitatu bila kupanga foleni hospitalini, na anayewagawia ni mwenzao. Mwenzao huyo alikuwa Noëlla. Aliwahudumia watu sitini na watatu, wengine wakitoka mbali kama Kalehe kwa boti ili wasikutane na majirani. Ufunguo wa mlango wa buluu aliuvaa shingoni kwa kamba, na aliuvaa juu ya blauzi, si ndani.

Wote aliwaambia neno moja, kwamba dawa ni saa mbili ya jioni na wala si saa mbili na robo. Naye alilifuata neno lake mwenyewe. Alikuwa na daftari ambamo kila jioni, akishameza, alichora mstari mmoja mdogo kwa kalamu ya buluu. Ilikuwa miaka kumi na moja ya mistari. Dawa zilipobadilishwa aliandika tarehe na jina la dawa mpya, kisha akaendelea na mistari yake.

Tangu mwezi wa pili hivi mabega yalianza kumgomea. Makopo ya dawa yalikaa kwenye rafu ya juu ya podi, naye akaanza kuwaambia watu wajiteremshie wenyewe, ati wajifunze kujitegemea. Walimshukuru kwa somo hilo. Baada ya mabega yalifuata mapaja, na baada ya mapaja shingo. Hakuna kilichouma sana, vilikataa tu.

Mwezi wa tano, siku yake ya kuonana na muuguzi, infirmier kama tunavyosema, katika kituo cha afya, muuguzi Ezéchiel alimuuliza anasikia nini. Naye akajibu kwa neno ambalo sisi wa Bukavu tunalitumia kwa kila kitu, kwa aliyelima tangu asubuhi, kwa aliyefiwa, kwa aliyechoshwa na maneno ya shemeji.

"Nachoka, papa Ezéchiel."

Ezéchiel akaandika kwenye karatasi neno la Kifaransa, fatigue. Na katika kazi ya Ezéchiel, mtu wa dawa anayechoka baada ya miaka kumi ana maana moja tu: ameacha kumeza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshadanganywa na wengi, na wawili kati yao alikwenda kuwazika.

"Maman, dawa unakunywaka kweli?"

"Miye?"

"Nauliza tu. Batu bengi bakifikisha miaka kumi, banaanza kuruka siku."

Noëlla alitoa daftari kwenye mkoba akaliweka mezani. Ezéchiel hakulifungua. Alisema mistari kama ile hata yeye angeweza kuchora ya mwaka mzima kwa jioni moja. Alichukua damu ya kupima wingi wa virusi, akaeleza kwamba majibu yatachukua majuma kadhaa, na kwamba mpaka yarudi haifai mtu anayeshukiwa awe anawafundisha wengine. Jacques, aliyekuwa akimsaidia Noëlla pale podi, angeshika ufunguo.

Kwenye benchi la kungojea kulikuwa na watu wanne, wawili wao wa podi yake mwenyewe. Noëlla alitaka kuivua kamba shingoni. Mikono ikapanda mpaka kifuani ikaishia hapo. Alijaribu tena, ikakataa tena, na Ezéchiel akaona mwanamke anayeng'ang'ania ufunguo.

"Maman, usitufanyie vile."

"Ujitwalie," akasema Noëlla, akainamisha kichwa.

Ezéchiel akamvua kamba kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu. Walipofika Kasha walisimulia kwamba mama yule ana kiburi hata cha kukataa kujivua ufunguo. Yeye alipanda mlima nyuma yao, akipumzika kila penye ukuta wa kuegemea.


Alphonse alipata habari kabla mkewe hajafika nyumbani. Aliingia chumbani mpaka kwenye kabati alilolichonga mwaka waliooana, kabati la mbao ya libuyu, refu kwa miguu yake, la kujionyesha, ambalo zamani wageni waliitwa wakalitazame. Juu ya kabati hilo ndipo chupa ya dawa ilipokaa miaka yote kumi na moja. Akapeleka mkono, akakuta vumbi.

"Mama Ornella," akamwuliza alipoingia, "dawa iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Nilishasema iko."

Ilikuwa ndani ya kikapu chini ya kitanda, pamoja na vitunguu, kwa sababu tangu Kwaresima mkono wake haukufika tena juu. Maneno hayo yangemaliza ugomvi kabla haujaanza. Lakini kulikuwa na maneno mengine, ya zamani. Mwaka ule walipopimwa, yeye akakutwa na virusi na Alphonse hana, ndugu za Alphonse walikuja kutoka Kamanyola kumshauri amrudishe mke kwao. Noëlla aliwatokea sebuleni akawaambia kwamba siku atakaposhindwa kazi ya nyumba yake ataondoka mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Alphonse aliyasahau maneno hayo kesho yake. Noëlla aliyashika, na sasa yalikuwa yamemshika yeye.

Kwa hiyo Alphonse aliamini. Inaniuma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwanamume aliyekataa kumwacha mkewe mbele ya ndugu zake wote alimwamini muuguzi kwa ajili ya vumbi juu ya kabati. Majuma yale alikwenda karakanani bila kunywa chai, na saa mbili ya jioni ilipofika alijipatia shughuli uani ili asione kama mkewe anameza au hamezi.


Majibu yalirudi mwezi wa saba. Virusi vilikuwa vichache mno hata mashine haikuviona. Ezéchiel aliisoma karatasi mara mbili, akasema amefurahi, na kweli alifurahi. Lakini mtu aliyekaa mbele yake bado alikuwa amelegea, na yeye hakuwa na jina jingine la kulegea. Akasema huenda ni umri, huenda ni milima ya Bagira, akaandika fatigue mara ya pili na kumpa vitamini. Ufunguo ungebaki kwa Jacques mpaka mama apumzike vya kutosha.

Noëlla akatoka na karatasi iliyomsafisha jina na mwili uleule aliokuja nao.

Alphonse alipoiona karatasi hakujua namna ya kuomba msamaha. Alishuka ziwani akanunua sambaza, dagaa wa kwetu, akawakaanga mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu waoane, akasonga na bugali. Noëlla alimeza tonge la kwanza. La pili likakwama kooni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akaisogeza sahani, kwa kuwa koo nalo lilikuwa limeanza kukataa. Alphonse akaelewa kwamba hajasamehewa, akaondoa sahani.

Juma lilelile Ornella alisikia jina lake likiitwa kutoka chooni. Choo chao ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Mama yake alikuwa humo muda mrefu, vidole vimeshika ukingo wa bati, akishindwa kuinuka. Ornella alimshika chini ya makwapa akamnyanyua, akamfunga kikwembe kiunoni, na wote wawili wakasimama pale uani wakihema.

"Maman, toka wakati gani?"

Ornella alikuwa akirudi nyuma kichwani, mwezi kwa mwezi, na alipofika kwenye Jumapili zile uso wake ulibadilika.

"Ile ya kwa misa," akasema. "Haukuwa unasali?"

"Nilikuwa nasali," Noëlla akamjibu. "Nilikuwa naomba nisimame."


Ornella hakungoja ruhusa ya mtu. Asubuhi yake aliita pikipiki mbili, Alphonse akavaa koti lake la Jumapili, na wote watatu wakashuka mjini kwenye hospitali kubwa.

Dokta Lucie alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Uvira, mwenye sauti isiyo na haraka. Alisoma karatasi za Noëlla kuanzia ya kwanza. Fatigue ya mwezi wa tano, fatigue ya mwezi wa saba, na fatigue nyingine iliyonakiliwa asubuhi ileile na aliyewapokea mlangoni. Ndipo akainua kichwa.

"Maman, iyi fatigue ni ya kwako ao ni ya infirmier?"

Noëlla akasema haelewi. Dokta akamuuliza kwa njia nyingine. Usingizi unamshika mchana? Akilala, anaamka na nguvu? Akipumzika siku nzima, mikono inarudi? Noëlla alifikiri. Miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kulipasua lile neno vipande viwili akamuuliza chake ni kipi.

"Usingizi sina," akasema. "Na kuchoka, miye sichokake. Mutu mwenye kuchoka, akipumuzika inaisha. Miye natuma mukono iende juu, mukono inakataa."

"Njo vile ungesema siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza baliniuliza tu nasikia nini."

Dokta akacheka kidogo, akampa vidole viwili avifinye. Noëlla alivifinya mpaka dokta akavichomoa na kuvikung'uta. Nguvu ya viganja ilikuwepo yote. Nyayo zake zilisukuma vizuri, na alipoguswa kwa ncha ya sindano huku na huku alisikia kila mahali. Kisha akaambiwa ainue mikono kama anayejifunga kitambaa kichwani, nayo ikaishia kifuani.

"Sasa piga magoti," dokta akasema, akamvutia kiti mbele yake. "Kama kwa misa."

Alphonse alikuwa kimya pembeni tangu asubuhi, na sasa alipata mahali pa kusema. "Kwa mambo ya magoti, dokta, uyu hakuna mwenye kumushinda. Parokia nzima inamujua. Ata padri alihubiri juu yake."

"Vizuri. Sasa asimame bila kushika kitu."

Noëlla alimtazama Ornella, halafu akautazama ukuta. Alikunja mikono kifuani. Mapaja yakatetemeka chini ya kikwembe, magoti hayakutoka sakafuni. Alijaribu mara tatu, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Alphonse alianza kuinuka aende kumsaidia. Dokta akamzuia kwa kiganja tu, bila kumtazama.

"Shika sasa, vile unashikaka."

Akashika kiti. Akaweka kiganja juu ya goti, kisha juu ya paja, akajisukuma, akapanda mwili wake mwenyewe mpaka akasimama. Alphonse alikuwa ameshaelewa. Jumapili zote alizosimama wima pale mlangoni zilimpitia usoni, moja moja, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Na chupa?" akauliza polepole.

"Chini ya kitanda. Mukono haifike tena juu ya kabati yako."

"Si ungeniambia."

"Nilisema mbele ya bandugu zako, siku nitashindwa kazi, nitaenda."

Alphonse alitazama mikono yake, mikono mikubwa yenye gundi kwenye kucha. "Mama Ornella," akasema, "ile kabati ningeikata miguu."

Ornella akatoka nje, maana hakutaka kulia mbele ya dokta.

Dokta Lucie aliwaacha watulie, kisha akaomba daftari. Jambo hili baadaye Noëlla alilisimulia zaidi kuliko hata dawa yenyewe: kwamba dokta alilifungua, akavuta kiti, akalisoma. Ipo dawa moja ya zamani ya virusi, akaeleza, ambayo kwa watu wengine huharibu misuli, na alitaka kujua kama Noëlla aliwahi kuinywa na aliiacha lini. Tarehe ilikuwemo, kwa kalamu ya buluu, miaka minne iliyopita. Kulegea kulianza mwaka huu. Basi lawama haikuwa ya dawa ile. Na mistari haikuwa na pengo hata moja, sawasawa na majibu ya virusi yalivyosema.

"Daftari iyi imenifanyia kazi ya mwezi muzima, maman," dokta akasema, na Noëlla akanyoosha shingo kadiri ilivyomkubalia.

Kilichobaki kilitaka vipimo. Hospitali ile haikuwa na kipimo chenyewe cha misuli, kwa hiyo damu ilivuka mpaka wa Ruzizi kwenda Rwanda ndani ya sanduku la barafu, pamoja na kipande kidogo cha nyama walichokikata pajani. Majibu yalipofika, Dokta Lucie aliwaita wote watatu. Misuli inapoumia, akasema, humwaga kitu chake ndani ya damu. Kikipimwa, mtu mzima asiye na ugonjwa hapiti sana mia mbili. Noëlla alikuwa na elfu sita na mia nne. Na kile kipande cha paja kilionyesha walinzi wa mwili wake mwenyewe wakiwa katikati ya misuli, wakiipiga.

Ni ugonjwa wa misuli kuvimba kwa ndani, akaendelea. Huwapata wasio na virusi, na huwapata wenye virusi hata dawa zao zikiwa zinafanya kazi vizuri. Haukuletwa na kuruka dawa, na kubadilisha dawa ya virusi kusingeuponya. Tiba yake ni vidonge vingine vya kuwatuliza walinzi hao, vingi mwanzoni, kisha kupunguzwa polepole kwa miezi, huku dawa ya saa mbili ikiendelea vilevile. Alimpiga picha ya kifua kwanza, kwa sababu kama kungekuwa na kifua kikuu kilicholala, vidonge hivyo vingekiamsha. Kifua kilikuwa safi.

Mwisho akachukua karatasi, akalipiga mstari lile neno fatigue popote lilipokuwa, na pembeni yake akaandika jingine. Noëlla akauliza limeandikwaje.

"Faiblesse," dokta akamsomea. "Kukosa nguvu. Haiko kuchoka."

Noëlla akaomba asomewe tena. Ni neno baya la kuambiwa mtu, lakini alilipokea kwa furaha, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilikuwa lake.


Alphonse alilikata kabati miguu jioni ileile. Lilipomaliza kuteremka lilikuwa fupi na pana, halina tena sababu ya kuitiwa wageni, na chupa mbili zilikaa juu yake usawa wa kifua cha mkewe. Daftari likapata safu ya pili. Mistari ya buluu ilibaki ya virusi, na ya misuli akaichora kwa nyekundu.

Majuma matatu ya kwanza hakuna kilichobadilika ila uso, uliovimba kwa ajili ya dawa, na sokoni wakasema mama yule sasa anakula vizuri. Juma la tano alimeza bugali bila kusindikiza kwa maji. Alphonse akashuka tena kutafuta sambaza, na safari hiyo sahani ilirudi tupu. Juma la nane alijifunga kitambaa kichwani mwenyewe, akakifungua, akakifunga tena, mara nne, mpaka Ornella akamwambia watachelewa. Mwezi wa kumi na moja alimwambia Alphonse arudishe miguu ya kabati. Alphonse akasema kabati linatosha lilivyo. Akamjibu kwamba yeye halimtoshi, anataka kufika kule juu. Basi Alphonse akaunga miguu kwa mbao nyingine, na mpaka leo rangi hazifanani.

Mwezi huohuo Ezéchiel alipanda Kasha mwenyewe, siku ya kugawa dawa, chumba kimejaa watu. Alisema mbele yao kwamba alikosea. Alisema alimvua mama ufunguo mbele ya watu, kwa hiyo amekuja kuurudisha mbele ya watu. Si kila mwenye koti jeupe anaweza kusema hivyo, na mimi namheshimu kwa siku ile. Noëlla aliipokea kamba akaivaa taratibu, mikono yote miwili juu ya kichwa, akaikawiza hapo ili walio nyuma nao waone.

Kisha akamwambia Ezéchiel apige magoti.

Watu wakacheka. Ezéchiel akatazama kulia na kushoto, akaona hakuna wa kumtetea, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na koti lake jeupe. Akaambiwa akunje mikono. Akaambiwa asimame. Akasimama.

"Munaona?" Noëlla akawaambia watu wake. "Mutu mwenye kushindwa iyi, asiambie infirmier eti nachoka. Aseme mwili inakataa. Na infirmier naye asiandike haraka. Amupigishe magoti kwanza."

Ezéchiel, akikung'uta suruali, alisema maneno hayo atayabandika ukutani kwenye kituo chake. Aliyabandika, kwa Kiswahili na kwa Mashi, juu ya meza ileile.


Noeli ndiyo siku ya jina lake. Kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama nje kwenye majani, na Alphonse alikuwa na kazi nyingi mlangoni. Padri aliinua kikombe. Kengele ikalia, kimya kikapita, na parokia ikaanza kuinuka kwa kishindo chake cha viatu na mabenchi.

Noëlla alikunja mikono kifuani. Mapaja yalimfikiria kidogo, kisha yakakubali. Alisimama bila kugusa benchi, na alikuwa wa tatu au wa nne kusimama katika kanisa lile lote. Kule mlangoni Alphonse alikiona kitambaa cha njano kikipanda juu ya vichwa vya waliokuwa bado chini. Alikuwa akimwonyesha mtu nafasi, akasahau mtu na nafasi, akasimama wima.

Misa ilipokwisha Mama Madeleine alimfuata Noëlla mpaka nje, akamshika mkono kwa viganja vyake viwili vikavu. Alikuwa amehuzunika kwelikweli. Alisema majuma haya amekuwa akimtazama na moyo unamuuma, na leo, siku kubwa namna hii, ameona asinyamaze.

"Mutoto wangu, unapoa," akasema. "Zamani ulikuwa unabakia chini na Bwana. Sasa unasimama mbio mbio kama batu bengine."

Ornella alifunika mdomo kwa kitenge chake. Alphonse akatazama viatu. Lakini Noëlla hakucheka, maana bibi huyu alikuwa amempenda kwa kosa lile muda wote, na alistahili kuambiwa ukweli.

"Nilikuwa naomba kitu kimoya, mama," akamwambia. "Nilishapewa."

Kitambaa chake kilikuwa kimelegea kidogo kwa msukumano wa mlangoni. Akainua mikono yote miwili, akakifungua, akakifunga upya, akashika njia ya kupanda nyumbani.